Stadi ya Nane

Matane, Februari. Chumvi tunayoimwaga barabarani
kuwaokoa watu na barafu
hupanda usiku chini ya magari
ikakila chuma kilichowabeba.

Basi la shule la Thibeault limekohoa wiki nzima.
Gasketi ya ekzosi imetoboka,
na watoto wa Saint-Ulric wanaingia darasani
makoti yakinuka moshi.
Kesho saa kumi na mbili na nusu lazima litoke.

Nimetandaza taulo, nimepanga vifaa:
brashi ya waya, mafuta ya kupenyeza,
tochi ya gesi, kipande cha mshumaa,
kola tatu za kung'olea, zenye meno kwa ndani,
yanayouma kadiri unavyozungusha,
keekee inayokata kinyume,
na nyundo ndogo, ya kubisha hodi tu.
Kubisha hodi si kuvunja mlango, alisema mjomba Ovila,
ambaye milango aliivunja mingi.

Ya kwanza ilitoka kama jino la utoto.
Ya pili ililia.
Ya tatu na ya nne nilizipasha hadi zikawa nyekundu,
nikazigusisha mshumaa,
nta ikayeyuka, ikanyonywa na hesi
kule ambako mafuta yaliogopa kwenda.
Robo mbele, nusu robo nyuma.
Robo mbele.
Chuma hubembelezwa; ukikitukana kinakatika.
Ya tano, ya sita. Ya saba saa tano usiku,
kahawa imeshafanya utando.

Ya nane ikakatika.

Bila kelele. Spana ikawa nyepesi ghafla,
wepesi ule ambao fundi huujua tumboni
kabla jicho halijaona.
Ukabaki umelala sawa na uso wa silinda hedi,
huna pa kushikwa, huna aibu.
Haya, nikasema kwa sauti, peke yangu gereji:
kati yangu na wewe, nani stadi?

Nikakuwekea nati juu ya kisiki, nikachomelea katikati.
Ikabanduka.
Nikachomelea tena, ikabanduka na kipande cha ngozi yangu.
Mara ya tatu nikasubiri ipoe,
nikahesabu magari ya kuzoa theluji yakipita nje, sita,
halafu spana, halafu pumzi,
halafu ule mlio wa bawaba ya ghala,
ukazunguka.
Ukatoka na nati kichwani, kama mtu na kofia yake.

Hesi zako kavu. Grisi ya shaba hata chembe hamna.
Nani mjinga huyu, nikasema,
nikaokota kile kipande chako cha nje, nikakisugua.
Chini ya kutu, kwenye ncha: nukta mbili za tindo.

Nukta zangu.
Nilizigonga kila stadi niliyoifunga, enzi hizo,
ili Ovila asiseme kazi ni yake.
Nikaikumbuka siku. Alhamisi, miaka kumi na mmoja.
Mazishi yake saa nane,
mimi saa saba u nusu bado na ovaroli,
nimechomeka bomba refu kwenye spana
nakukaza, nakukaza,
kana kwamba nikikaza vya kutosha
kuna kitu kingebaki mahali pake.

Sikujua nilikuwa na nguvu kiasi hicho.

Mpya naziingiza taratibu: matundu nimeyasafisha,
grisi ya shaba ncha ya kidole,
nati mbili zimebanana shingoni mwa kila moja,
zinaiteremsha, kisha zinaachana nayo.
Naishia pale mkono unaposema basi.
Nukta sikugonga.

Saa kumi na moja Thibeault akaingia na theluji mabegani.
Ilisumbua?
Moja tu.
Akaigeuzageuza kiganjani, na kofia yake.
Nani aliifunga hivi?
Fundi mmoja wa zamani, nikamwambia.
Alikuwa na mahali pa kuwahi.